Dakika Nne za Rais wa Jikoni

Rais alifariki siku ya Jumamosi, saa sita na dakika kumi mchana, jikoni kwetu Muheza, na kilo moja unusu ya mchele wa wageni ikiwa bado tumboni mwake. Alikuwa ametawala dakika nne.

Nieleze mapema, maana kisa hiki kilishatuletea mjumbe wa nyumba kumi mlangoni mara moja na sitaki arudi. Rais hakuwa mtu. Alikuwa jiko la kupikia wali kwa umeme, lile ambalo wenye maduka huliita raiskuka. Mdogo wetu wa mwisho, aliyekuwa na miaka sita mwaka huo wa 2003, alishindwa kulimaliza jina, akaishia nusu njia, na nyumba nzima tukamfuata. "Rais kaja." "Msimguse Rais." "Rais yuko chini ya kitanda cha Baba." Naye Baba hakutukataza. Kwa jinsi alivyokithamini kitu kile, cheo hakikumzidi.

Baba alikuwa mwalimu mstaafu wa Kiswahili na historia, na katika nyumba yetu mlikuwa na dini moja na chapa moja. Dini ilikuwa ya wote. Chapa ilikuwa yake. Chapa yenyewe ni National. Redio National, tochi National, na betri za humo ndani ni National. Betri hizo hazikuwa ngeni nchini. Tangu miaka ya 1960 Wajapani wa Matsushita walikuwa na kiwanda Dar es Salaam, wakitengeneza redio na betri, na siku zetu mtoto akitumwa dukani "kanunue National" alirudi na betri bila kuuliza swali la pili.

Redio ya Baba ilinunuliwa mwaka 1974. Ilikuwa na mfuko wake wa ngozi wenye vitobo mbele, kama kanzu iliyotobolewa na nondo wenye nidhamu. Kitasa chake hakikuguswa na mkono mwingine wowote. Ilifunguliwa kwa taarifa ya habari ya saa mbili usiku na kwa mpira wa Simba na Yanga, basi. Betri zikichoka, Baba alizipanga juani juu ya bati la banda la kuku, akizigeuza kama mtu anayeanika dagaa. Zikichoka zaidi, alizitoboa kwa msumari akazitia maji ya chumvi. Zikifa kabisa hazikutupwa. Alizishindilia ndani ya mwanzi, akaziunga na redio kwa waya, ili wazee sita wafanye kazi ya kijana mmoja.

"Watu wa huyu bwana," Mama alikuwa akisema, "hawapumziki hata wakishakufa."

Huyu bwana alikuwa ukutani. Sebuleni kwetu palitundikwa picha mbili, moja ya Mwalimu Nyerere na nyingine ya mzee wa Kijapani mwenye masikio mapana na tai nyembamba, iliyokatwa kwenye kalenda. Mgeni akiuliza "Huyu naye ni nani?", sisi watoto tulianza kuondoka mmoja mmoja, kwa sababu jibu lilichukua saa nzima na lilikuwa halikatizwi.

Alikuwa Konosuke Matsushita, mwenye National. Baba alimjua kupitia kijana wa Kijapani wa kujitolea, aliyefundisha hesabu sekondari ya jirani na ambaye, alipoondoka, alimwachia kijitabu cha Kiingereza chenye jalada la bluu. Baba alikisoma mpaka kikalegea uti wa mgongo. Alizaliwa mwaka 1894, Baba alianza, kijijini katika mkoa wa Wakayama, mtoto wa mwisho kati ya wanane. Baba yake alibahatisha fedha kwenye biashara ya mchele, akapoteza mashamba na nyumba. Mchele ndio uliowafilisi! Sentensi hiyo tuliisikia mara mia, na hakuna hata mmoja wetu aliyetambua kuwa ni dalili.

Akiwa na miaka tisa alipelekwa Osaka kuwa mtumishi katika duka la majiko ya mkaa, kisha katika duka la baiskeli. Kijana akaingia kampuni ya umeme. Mwaka 1917, akiwa na miaka 22, akaacha kazi ili atengeneze soketi ya taa aliyoibuni mwenyewe. Akiba yake haikufika yeni 100. Walikuwa yeye, mkewe Mumeno, shemeji yake Toshio Iue aliyekuwa bado mtoto wa miaka 14, na wenzake wawili walioondoka mapema kwa sababu soketi haikununuliwa. Mumeno akachukua kimono zake, akaziweka rehani, wakala. Mwishoni mwa mwaka ikaja oda ya sahani 1,000 za kuhami umeme kwenye feni, na ikawavusha. Machi 1918 wakafungua karakana. Bidhaa ya kwanza iliyowapa jina ilikuwa plagi. Naam, plagi, iliyotumia vikalio vya balbu kuukuu, bei yake chini ya wengine kwa karibu theluthi moja. Kisha ikaja soketi ya njia mbili, ili nyumba yenye tundu moja tu la umeme iweze kuwasha taa na kupiga pasi kwa wakati mmoja.

"Kwa plagi!" Baba alikuwa akimalizia, kidole juu. "Mtu huyu aliingia duniani kwa plagi."

Hadithi hizi hazikubaki ukutani. Ziliongoza nyumba. Mwaka mmoja kuku wetu walipoacha kutaga, Mama akataka kuwauza. Baba akamsimulia habari za mwaka 1929. Mdororo wa uchumi ulipoikumba Japani na bidhaa zikajaa ghalani, Matsushita hakumfukuza mtu. Alipunguza uzalishaji nusu, viwandani watu wakafanya kazi nusu siku kwa mshahara uleule, na wote wakatoka kwenda kuuza mali iliyolala. Baada ya miezi miwili ghala likawa tupu.

"Sawa," Mama akasema. "Wale walifanya kazi nusu siku. Hawa wangu hata dakika hawafanyi." Kuku wakabaki, kwa pumba kamili.

Baba alipenda zaidi mafundisho ya mwaka 1932, yale ya maji ya bomba. Siku moja, Matsushita alisema, mpita njia anaweza kunywa maji ya bomba la mtu bila kuitwa mwizi, ingawa maji yana thamani, kwa sababu ni mengi na ni rahisi. Basi kazi ya kiwanda ni kutengeneza vitu vingi na kwa bei nafuu mpaka viwe kama maji hayo, umaskini uondoke. Na mpango wake ulikuwa wa miaka 250.

"Bomba lipi?" Mama aliuliza. La kwetu lilitoa maji Jumanne na Ijumaa. "Kama ni la huku, hiyo miaka mia mbili na hamsini ameibana sana."

Aliyempinga Baba kwa dhati alikuwa Mjomba, kaka wa Mama, mtu wa reli, mkazi wa Tanga, na mwumini wa Philips. Balbu zake Philips, redio yake Philips ya zile zilizounganishwa Arusha. Kila Idi walikaa chini ya mwembe, shemeji na shemeji, wakipigana kwa nchi za watu. Mmoja aliisemea Eindhoven, ambako akina Philips walifungua kiwanda cha taa mwaka 1891, na mwenzake aliisemea Osaka. Hakuna hata mmoja kati yao aliyewahi kupanda ndege.

"Hata huyo mzee wako," Mjomba alipenda kumchokoza, "bila shemeji asingefika popote. Toshio si kaka wa mke? Akaondoka baadaye, na mwaka 1947 akaanzisha Sanyo yake. Mashemeji tuheshimuni."

Sasa tuje kwa Rais. Mwaka huo wa 2003 dada yetu mkubwa aliposwa. Washenga wangekuja kutoka Pangani, watu wanane, kuleta majibu ya mahari na kula chakula cha mchana. Wiki moja kabla, Baba alikwenda Tanga kununua kitambaa cha kanzu, akapita Ngamiani kwenye duka la vitu vilivyotumika kutoka Japani. Alirudi usiku bila kitambaa. Alikuwa amekumbatia boksi kama mtu aliyetoka hospitali ya wazazi na mtoto wa kiume.

Lilikuwa jeupe, mviringo, lenye ua dogo la waridi ubavuni na kitufe kimoja tu. Juu ya kitufe paliandikwa National kwa herufi za Kilatini, na mengine yote kwa Kijapani. Mengine hayo ndiyo yaliyomtoa machozi Baba.

"Hii haikutengenezwa kwa ajili yetu," alisema kwa sauti ya chini. "Hii walijitengenezea wao wenyewe."

Alisema kweli tupu, na kweli hiyo ndiyo iliyoliua jiko lile.

Akaligeuza. Chini palikuwa na kibandiko cha bati, Kijapani kitupu, ila namba zilisomeka: 100V, 600W. Baba alijua V ni nini. Mtu aliyelea redio miaka karibu thelathini anazijua volti kama mfugaji anavyojua chuchu. Akahesabu.

"Umeme wa ukutani ni volti mia mbili na thelathini," alitangaza. "Hili linahitaji mia tu. Mnaona adabu ya Mjapani? Halina tamaa. Kila tukipika, volti mia na thelathini zinabaki."

Mama alikuwa anachambua mchele. Hakuinua uso. "Zinabaki wapi?"

"Zinabaki kwenye nyaya."

"Zikishajaa humo kwenye nyaya, zinakwenda wapi?"

Baba akacheka kicheko cha mwalimu aliyeulizwa swali la darasa la pili na mwanafunzi wa darasa la kwanza. Hakujibu.

Kulikuwa na kikwazo kidogo. Plagi ya jiko ilikuwa na pini mbili bapa, nyembamba kama kucha, na soketi zetu zina matundu matatu ya mstatili. Hazikuingia. Baba alijaribu kwa upole, akajaribu kwa kusukuma, akajaribu kufungua tundu la juu kwa kalamu kama tunavyofanya kwa plagi za mtumba. Ukuta ulikataa. Ndipo akachukua kisu, akaikata ile plagi, akafunga ya pini tatu aliyoitoa kwenye feni mbovu. Plagi iliyokatwa aliiweka mfukoni mwa shati, pale wengine wanapoweka kalamu.

Tulimwomba alijaribu mapema. Akakataa. Rais, kama rais mwingine yeyote, aapishwe mbele ya wageni.

Jumamosi ikafika. Tangu alfajiri Mama alikuwa uani. Alikuna nazi tatu, akakamua tui zito na tui jepesi, akaunga mchuzi wa changu. Na pembeni, chini ya mgomba, seredani yake ilikuwa imewashwa na kutulia, makaa mekundu yamefunikwa majivu.

"Hiyo ya nini?" Baba aliuliza.

"Ya chai."

Washenga walikaa ukumbini, Mjomba kati yao kama mwenyeji msaidizi. Baba akawaomba radhi, akawaalika wazee wawili waje mlango wa jikoni "waone kitu". Mchele ulikuwa ndani, tui ndani, chumvi ndani. Baba akasema bismillahi, akachomeka, akabonyeza. Taa nyekundu ikawaka.

Lazima niseme haki, dakika mbili za mwanzo zilikuwa za utukufu. Sijapata kuona wali ukichemka kwa kasi ile. Tui lilinguruma. Mfuniko ulicheza ngoma. "Mnaona kazi!" Baba alisema, mikono nyuma, kifua mbele. "Mnaona kazi ya Mjapani!" Mshenga mmoja akatikisa kichwa kwa mshangao wa kweli. Dakika ya tatu ikaja harufu, si ya wali, ni ya kitu kama kandambili iliyokanyaga kaa la moto. Dakika ya nne moshi mweupe ukatoka ubavuni, pale penye ua la waridi, ukafuatwa na mlio mmoja mkavu. Soketi ikatoa cheche, feni ya ukumbini ikapunguza mwendo na kusimama, na nyumba ikawa kimya kiasi kwamba tukasikia kuku wasiotaga wakiparua nje.

Mdogo wetu ndiye aliyevunja kimya kile. Alitoka mbio mpaka barabarani, machozi yanamtiririka, akipiga kelele kwa nguvu zote za miaka sita:

"Rais kafaaa! Rais kafaaa!"

Muheza ni mji mdogo. Muuza machungwa wa kona alisimama na kisu mkononi. Jirani yetu, mama wa vitumbua, alijifunga khanga kiunoni na kuja na mkono kichwani. Mwenye duka akafunga nusu ya mlango, kama inavyotakiwa kwenye msiba mzito. Watu walitaka kufungua redio zao lakini redio zao ni za umeme na, kwa bahati ya siku hiyo, mlio wetu ulikuwa umezima nyumba mbili zilizojiunga kwenye laini yetu. Hazikupita dakika kumi, uani kwetu palikuwa na watu thelathini, na mjumbe wa nyumba kumi mbele yao, uso umemparama.

"Mwalimu," akasema, "habari hii umeipata wapi?"

Baba alikuwa amesimama mlangoni, masizi puani. Hakuelewa swali. "Nimeiona kwa macho yangu," akajibu. "Kafia mikononi mwangu."

Mama wa vitumbua akakaa chini.

Aliyetuokoa ni redio. Mjomba aliingia ndani, akaitoa redio ya Baba na mfuko wake wa ngozi, akaiweka juu ya kinu katikati ya uwanja, akafungua kitasa ambacho mkono mwingine haukuwahi kukigusa. Mtu wa Philips! Betri zilikuwa zile zilizoanikwa juzi. Redio ikakohoa, ikakwaruza, kisha ikatoa sauti nyembamba, ya mbali, lakini ya wazi: taarabu. Mjumbe akasikiliza kwa makini, kichwa upande. Wimbo ukaisha, ukaja mwingine wa mapenzi.

"Nchi ikifiwa," akatoa hukumu, "redio haiimbi hivi." Akatugeukia. "Basi ni rais gani aliyekufa humu ndani?"

Tukamwonyesha. Sitasahau jinsi mjumbe alivyoinama na kulitazama jiko lile, ua lake limekuwa jeusi, na jinsi alivyovua kofia kabla hajajizuia.

Wakati hayo yakiendelea, Mama hakuonekana. Alikuwa chini ya mgomba. Alikuwa amekwishauhamishia ule mchele kwenye sufuria, akaondoa ulioungua, akaongeza tui aliloficha, akafunika na kuweka makaa juu ya mfuniko. Saa saba unusu washenga walikula. Mkubwa wao, mzee wa watu mwenye ndevu za pamba, alimaliza sahani, akapangusa mkono, akauliza kama nyumba hii ina ukoko. Ukaletwa, wa rangi ya dhahabu, unanukia tui. Akautafuna kwa utulivu.

"Wali huu," akasema, "umepikwa na nini?"

Kinywa cha Baba kilifunguka. Niliona herufi N ikijiandaa kwenye ulimi. Akamtazama Mama, akafunga, akafungua tena.

"Na mwenyewe," akasema.

Fundi umeme alikuja alasiri, kijana aliyekuwa mwanafunzi wake. Aliligeuza jiko, akasoma kibandiko, akashusha pumzi.

"Mwalimu, kwao Japani umeme wa majumbani ni volti 100. Hili limezoea 100. Wewe umelipa 230. Hiyo inayozidi haibaki kwenye nyaya, inaingia yote. Na joto lake halipandi mara mbili tu, Mwalimu. Linapita mara tano."

"Lakini imeandikwa mia," Baba akasema.

"Ndiyo, Mwalimu. Imeandikwa." Akaangalia waya. "Plagi yake iko wapi?"

Baba akaingiza mkono mfukoni mwa shati, polepole, akaitoa. Fundi akaishika kwa vidole viwili, zile pini bapa zikameta.

"Hii ndiyo ilikuwa inakataa kwa niaba yake. Ungekuwa na transfoma ya kushusha umeme, lingewapikia mpaka wajukuu."

Mjomba alikuwa ameketi kwenye kizingiti. Alikuwa amevumilia tangu saa sita, na binadamu ana kikomo. "Shemeji," akasema, "mzee wa watu aliingia duniani kwa plagi. Wewe umemkata plagi."

Usiku ule hatukuwa na umeme. Fundi alisema soketi imeungua pamoja na nyaya zake, angerudi kesho. Tulikaa uani kwa mwanga wa kandili, redio katikati, Baba akiwa amenyamaza namna ambayo hatukuizoea. Nilimwona hivyo mara moja tu kabla ya hapo, mwaka 1989, barua ya yule kijana wa Japani ilipokuja na habari kwamba Matsushita amefariki mwezi wa Aprili akiwa na miaka 94. Siku ile Baba alizima redio dakika moja nzima, katikati ya mpira.

Taarifa ya habari ikaisha. Mama akapunguza sauti kwa mkono wake mwenyewe. Siku hiyo kitasa kile kilikuwa mali ya umma.

"Mwalimu, huyo mzee wako alianzia kwenye duka la majiko ya mkaa, si ndivyo ulivyotusomea?"

"Ndivyo."

"Seredani."

"Za Kijapani," Baba akasema, lakini bila nguvu.

"Na yule mkewe, aliyeweka nguo rehani." Mama alikuwa anakoroga makaa kwa kijiti. "Alirudishiwa?"

Baba akafikiri. Niliona akikipekua kile kijitabu kichwani, ukurasa kwa ukurasa. Miaka ishirini alikuwa akiisimulia rehani ile, na katika masimulizi yake kimono za Mumeno ziliingia dukani na hazikutoka. "Kitabu hakisemi," akajibu mwishowe.

"Hakisemi." Mama akaitazama redio. "Hii uliinunua mwaka 1974, kwa mshahara wako."

"Kwa mshahara wangu."

"Mshahara ulipungua shilingi themanini, Mwalimu. Zilizopungua zilitoka wapi?"

Hakuna aliyesogea. Sisi watoto tulikuwa tumelelewa na hadithi ya redio ile, jinsi Baba alivyojinyima, alivyotembea kwa miguu, alivyofika dukani na noti zilizokunjwa ndani ya soksi. Katika hadithi hiyo hapakuwa na mtu mwingine. Mama alinyoosha mikono yake mbele ya kandili, akaigeuza. Ilikuwa mitupu. Nilikuwa nimeiona mitupu maisha yangu yote, nikadhani ndivyo mikono ya Mama ilivyo.

"Bangili za fedha, mbili mbili," akasema. "Za bibi yenu. Nilimpelekea sonara, Barabara ya Kumi na Mbili." Halafu, kwa sababu hakupenda kumwona mtu akiteseka bila kazi, akamwambia Baba: "Betri zinaisha hizo. Kesho uzianike."

Mambo mawili niyaongeze. La kwanza ni kwamba nilipokuja kukisoma mwenyewe kile kijitabu cha bluu, nilikuta ukurasa mmoja Baba ameukunja na kuubana kwa pini. Ulieleza habari za mwaka 1952. Mwaka huo Matsushita aliingia ubia na Philips. Waholanzi walipata asilimia 4.5 kwa utaalamu wao, naye akadai asilimia 3 kwa uongozi wake, akapewa. Kumbe wenye chapa walikuwa wameshikana mikono miaka mingi kabla Baba na Mjomba hawajaanza kukunjiana ngumi chini ya mwembe. Nilimwonyesha Mjomba. Alisoma, akaukunja tena ukurasa, akarudisha pini mahali pake. "Tuache hivyo hivyo," akasema. "Tutaongea nini Idi?"

La pili ni la Baba. Ile plagi ya pini bapa aliitundika kwenye msumari, chini ya picha ya mzee wake, na picha haikushuka. Mapenzi hayatoki kwa siku moja. Lakini miezi mitatu baadaye, wiki ya harusi ya Dada, alikwenda Tanga tena na kurudi usiku. Safari hii hakukumbatia boksi. Alimkabidhi Mama karatasi ndogo ya kaki iliyokunjwa, akakaa mbali kidogo, akajifanya anatafuta stesheni.

Mama alifungua. Bangili nne. Akaichukua moja, akaipeleka penye mwanga, akaigeuza na kuichungulia ndani, maana tangu siku ya Rais ilikuwa sheria ya nyumba kwamba hakuna kitu kinachopokelewa bila kugeuzwa. Baba alimtazama kwa wasiwasi wa mtu anayesubiri matokeo ya mtihani.

Haikuwa na chapa yoyote. Mama akaivaa.